Uingereza waliniita, mama akaniuliza swali moja

Wiki hii naomba nikusimulie kasheshe lililonipata mwenyewe, maana najua mko wengi mnaohangaika na fomu za vyuo kama nilivyohangaika mimi. Ukimaliza kusoma, wewe ndiye utakayeamua kama nilifanya ujinga au la.

Mimi ni bibi shamba, kwa lugha ya ofisini afisa ugani. Tangu mwaka 2016, watu wa Dodoma na Manyara walipokufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, nilikuwa na hamu moja tu: nisome masta ya usalama wa chakula. Nikaanza kutuma maombi. Asikwambie mtu, ni kazi! Leo unafuatilia matokeo yako ya digrii, kesho unawabembeleza walimu wawili wakuandikie barua, keshokutwa unatakiwa ueleze kwa nini unataka kusoma. Hayo maelezo niliyaandika mara sita. Niliomba na ufadhili wa kwenda nje, nikapigwa chini.

Basi bwana, mwaka 2024, ndani ya wiki tatu, majibu mawili yakaingia. La kwanza lilitoka chuo kimoja cha Uingereza: mwaka mmoja tu, unarudi na masta yako. La pili lilitoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro: miaka miwili, wa kwanza darasani, wa pili utafiti.

Mjomba kusikia neno Uingereza, mtaa mzima ukajua. Watu wakaanza kuniagiza simu na viatu. Nilipomwambia kuna na Morogoro, alicheka mpaka akakohoa. "We mtoto una wazimu? Nani anaacha Mamtoni akapande basi la Morogoro?"

Usiku mimi na baba watoto tukakaa na kalamu. Ada peke yake ilipita paundi 20,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 60, hujalala wala hujala. Ongeza paundi 776 za huduma ya afya kwa mwaka, zinazolipwa pamoja na viza. Halafu hela ya kujikimu lazima ikae benki siku 28 mfululizo ndipo uombe hiyo viza. Pigo la mwisho ni kwamba tangu Januari 2024 wanaokwenda kusoma masta ya darasani hawaruhusiwi tena kuandamana na mume wala watoto, labda uwe na ufadhili wa serikali. Mwanangu wakati huo alikuwa na miaka minne.

Mjomba akaja na dawa: tuuze shamba la mama la Dumila, ekari tano. Na mama, Mungu ampe maisha marefu, akakubali! "Uza mwanangu, mimi nitaishi tu." Nilishindwa kumeza ugali. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya: "Ila huko Uingereza, utapima mahindi ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nikawaandikia wale wa Uingereza kuuliza utafiti unachukua muda gani. Wakanijibu vizuri tu: kama miezi mitatu, na sampuli wanazo wenyewe maabara. Halafu nikapanda basi hadi Morogoro. Ofisini nilipita tu, muda mwingi nilikaa na wanafunzi kwa mama lishe. Niliwauliza yale ambayo hayaandikwi kwenye tangazo: msimamizi gani anasoma kazi yako na kuirudisha mapema? Mashine za maabara zinafanya kazi? Vipimo analipa nani? Hapo ndipo niliposikia kuna mradi unatafuta mwanafunzi wa sumukuvu, ungelipa ada na vipimo. Nikaomba, nikapata. Mwajiri naye akaniruhusu kwenda masomoni huku mshahara ukiendelea.

Nikachagua Morogoro. Mjomba hakupokea simu yangu miezi miwili.

Usidhani sikuumia, msomaji. Shoga yangu tuliyesoma naye alikwenda Uingereza mwaka huohuo. Alipotuma picha amesimama kwenye theluji na koti jekundu, nilijifungia chooni nikalia. Lakini yeye hakukosea. Alikuwa na mfadhili, hana mtoto, na mashine anayojifunza kuitumia iko hukohuko. Tungebadilishana nafasi, sote wawili tungeumia.

Mwaka wangu wa pili nilizunguka vijijini kukusanya sampuli za mahindi, na moja nikaichota kwenye ghala la mama. Majibu yalipotoka, nilisoma ile namba mara tatu. Kiwango cha juu Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumu kwa kilo. Ya mama ilipita. Yale ndiyo mahindi ambayo mwanangu alikuwa akiyanywa kwenye uji.

Mama alinyamaza muda mrefu nilipomweleza. Siku hizi haaniki tena mahindi chini kwenye udongo, anaanika kwenye turubai, anachambua yaliyooza, na hafungi gunia mpaka yakauke sawasawa. Shamba bado ni lake. Na mjomba? Juzi kapita kuomba debe moja. "Nipe yale yaliyopimwa," akasema, huku anaangalia pembeni.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeshika barua mbili mkononi, usitazame jina la mji kwanza. Uliza nani analipa, nani atakusimamia, na ukirudi utakuwa na nini cha kuwafanyia watu wako. Majibu yakikupeleka Uingereza, nenda, na wala usigeuke nyuma. Yakikupeleka Morogoro, panda basi. Mtaa utaongea wiki mbili, utachoka wenyewe.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.