Kitochi, Simujanja na Kishikwambi: Kipi cha Kubaki Nacho?



Mafundi wengi hawachoki kuzungumzia zana zao. Seremala atakueleza habari za randa na msumeno wake mpaka jua litue, na mvuvi wa ngalawa atakutajia tanga, foromali na demani kama atajaye watoto wake. Sisi watunzi tumekuwa wakimya katika jambo hili. Zamani zana yetu ilikuwa kalamu na daftari la kaunta, na hapakuwa na mengi ya kusema. Leo wengi wetu tunatunga, tunahifadhi na kutumiana mashairi kwa kompyuta ndogo za mkononi, na siku inapofika ya kuamua kipi kibaki na kipi kiende, tunamwachia muuzaji atuamulie. Muuzaji hajui mizani wala vina. Anajua kamera na ukubwa wa kumbukumbu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha shule za sekondari katika mkoa wa Tanga hadi nilipotimiza miaka 60. Nina vyombo vitatu. Cha kwanza ni kitochi, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi kichwani, nilichokinunua mwaka 2009. Cha pili ni simujanja niliyoinunua mwishoni mwa mwaka 2016. Cha tatu ni kishikwambi nilicholetewa na wanangu nilipostaafu, ili niache kukodoa macho. Mwaka huu vyote vitatu vilidai fedha kwa pamoja: kitochi vitufe vyake vimefutika namba, simujanja betri yake imeanza kuvimba, na kishikwambi kimekuwa kizito kama gari la ng'ombe katika tope. Pensheni haitoshi kuvihudumia vyote. Ilibidi nichague cha kubaki nacho, cha kukarabati, na cha kukitoa dukani nikiongeza fedha juu ili nipate kipya.

Kabla ya uamuzi, niruhusuni niseme neno juu ya majina, maana tuko kwa wapenda lugha. Kwa kompyuta tumewahi kupewa ngamizi, ambalo halikushika, na tarakilishi, ambalo limestawi zaidi kwa ndugu zetu wa Kenya. Tanzania watu wamebaki na kompyuta. Kishikwambi nalo lilikuwa neno la wachache, hata wako waliolicheka. Ikaja Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambapo makarani walipita nyumba hadi nyumba na vishikwambi mikononi. Baada ya sensa vifaa hivyo vikagawiwa kwa walimu. Tangu hapo sikumsikia mtu akilicheka. Muuza samaki wa Deep Sea analitamka bila kusita. Nadhani hapa pana funzo kwa wanaounda istilahi: neno hukubalika haraka watu wanapokishika chenyewe na wakawa na haja ya kukitaja. Kamati peke yake haiwezi kulipa neno uhai huo.

Nirudi kwenye vyombo, nianze na kitochi. Wengi mtasema hicho si cha kuzungumzwa mbele ya watunzi. Lakini kwa miaka kadhaa nililumbana kwa mashairi na rafiki yangu mmoja wa Pangani, sasa marehemu, kwa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, pamoja na alama na nafasi zilizo baina ya maneno. Ubeti wa utenzi, wenye mizani 32, huingia humo ukajinyoosha. Ubeti wa shairi la tarbia, mishororo minne ya mizani 16, yaani mizani 64, hugonga ukutani: mara huingia, mara huzidi kwa herufi chache, ukalipia ujumbe wa pili kwa ajili ya neno moja. Basi rafiki yangu alijifunza kutunga kwa maneno mafupi, akaacha vijazio visivyo na kazi. Yeyote aliyefundisha ushairi anajua jinsi ilivyo vigumu kumfundisha mtu kuacha vijazio. Kitochi kilifanya kazi hiyo bila fimbo. Na lau tungeandikiana kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watunzi wa kale wa pwani hii, ujumbe mmoja ungebaki na nafasi ya herufi 70 tu.

Tatizo la kitochi ni kwamba kilichoingia hakitoki. Hakina waya wa kukiunganisha na kompyuta, na nafasi yake ya kuhifadhi ujumbe ni ndogo. Kwa hiyo nilifanya walivyofanya wazee: nilikaa barazani jioni nne mfululizo nikanakili kwa mkono beti zote za malumbano yale katika daftari la kaunta, tarehe na saa kama zilivyo. Zilikuwa beti 61.

Simujanja ndiyo iliyonipa usiku mgumu. Ndani yake mna sauti ya mama yangu mkubwa wa Tongoni. Alizaliwa na kukulia huko, akizungumza Kimtang'ata safi, na alikuwa amehifadhi kichwani tenzi alizofundishwa na bibi yake. Hakujua kusoma. Kuanzia mwaka 2017 nilikuwa nikienda kumsikiliza, nikiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, naye akighani. Alifariki mwaka 2020. Rekodi ni 47. Katika moja anasita, anasema, "Mwanangu, hapa pamenitoka," jogoo anawika mara mbili, kisha anaendelea kana kwamba jogoo ndiye aliyemkumbusha.

Mtu ataniuliza: kwa nini usiyaandike maneno ukaachana na simu? Niliyaandika. Lakini karatasi haioneshi mizani inavyopumua. Tunawafundisha wanafunzi kwamba "mtu" ni mizani mbili, kwa kuwa ile "m" ni silabi inayojitegemea. Mama mkubwa, pale alipopungukiwa, alivuta irabu ya mwisho ikabeba nafasi ya silabi mbili, na sikio halikuona pengo. Msomaji wa karatasi angehesabu mizani saba na kusema mshororo una kasoro. Mwenye kusikia sauti anajua hauna.

Nilipeleka simu na kishikwambi Ngamiani, katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Kijana wa duka aliwahi kusoma shuleni kwetu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

Akavitazama, akavigeuza, akasema, "Mwalimu, niachie vyote viwili, uniongezee laki mbili na nusu, nikupe simu mpya kabisa. Hii ya zamani nitakufutia kila kitu hapahapa, usihangaike."

Alisema kwa nia njema, na bei haikuwa mbaya. Lakini neno "nitakufutia" lilinifanya nivikusanye vyombo vyangu. Nikamwambia nitarudi Jumatatu.

Usiku ule nilimfikiria Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtunzi wa Tanga aliyeandika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, akisimulia mapigano ya pwani hii ya mwaka 1888 na yaliyofuata. Aliuandika kwa hati za Kiarabu. Unyevunyevu wa bahari yetu ni adui wa karatasi kama ulivyo adui wa nyaya, na mchwa hawabagui utenzi na barua ya madai. Utenzi ule tunausoma leo kwa sababu ulihifadhiwa, ukanakiliwa, kisha J.W.T. Allen akauchapisha kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Ubora wa karatasi ya kwanza haukuwa na kazi kubwa katika hilo. Kilichouokoa ni kwamba uliweza kutoka mahali pamoja ukaingia pengine, kwa mkono wa mtu mwingine, katika hati nyingine.

Hapo nikapata kipimo changu. Mtunzi anapochagua chombo, swali la kwanza lisiwe ni kipya kiasi gani, wala kina kasi gani. Liwe hili: nikiweka neno humu, nitaweza kulitoa bila kuomba ruhusa ya chombo chenyewe?

Nikavipima vyote kwa kipimo hicho. Simujanja, pamoja na uzee wake, ilifaulu. Mjukuu wangu aliiunganisha kwa waya na kompyuta yake ya mpakato, na rekodi zote 47 zikahama kwa muda wa chai moja. Zilikuwa katika mfumo wa AMR, ambao simu nyingi za wakati ule ziliutumia kwa kurekodi sauti, na kishikwambi changu hakikuweza kuzifungua. "Bibi, hizi tunazigeuza tu," akasema, akazigeuza kuwa MP3. Nikamwambia azihifadhi na zile za awali vilevile, maana mnakilishi mwema hachomi mswada baada ya kunakili. Nakala moja sasa iko katika kompyuta yake, moja katika flashi iliyo kabatini mwangu, na moja kwa mdogo wangu aliye Muheza, mbali kidogo na chumvi ya bahari.

Kishikwambi ndicho kilichoanguka. Mashairi yangu ya miaka sita nilikuwa nimeyaandika katika programu moja ya daftari ambayo iliyahifadhi kwa namna inayoisoma yenyewe tu, nayo haikubali tena mfumo wa zamani uliomo. Ilibidi kunakili shairi moja moja na kulituma kwa baruapepe. Kazi hiyo ilinichukua wiki mbili. Tena kibodi yake ilikuwa na tabia ya kunisahihisha Kiswahili kwa Kiingereza: nikiandika "beti" inaweka "best", nikiandika "demani" inaweka "demand". Dawa yake ipo, na wenzangu mnaoteseka muijue: ingieni kwenye mipangilio ya kibodi, zimeni usahihishaji wa kujiendesha, na ongezeni Kiswahili katika lugha za kibodi. Kibodi ya Google inacho.

Basi uamuzi wangu ni huu. Kitochi kimebaki. Chaji yake hukaa siku nyingi, hupokea fedha na simu za watu, na kwa zoezi la kutunga kwa ufupi sijaona mwalimu anayekishinda. Simujanja imekarabatiwa: fundi ameitoa ile betri iliyovimba, ambayo ni hatari kuendelea kuichaji, akaweka nyingine. Joto huchakaza betri za namna hii upesi, kwa hiyo nimeacha kuilaza dirishani penye jua. Kishikwambi nimekitoa, nikaongeza fedha, nikapata kingine cha mtumba chenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu, ili maandishi yangu yakae katika kadi ninayoweza kuichomoa na kuondoka nayo.

Kwa atakayenunua cha mtumba chenye laini, asisahau kubonyeza *#06# na kulinganisha namba inayotokea na iliyo kwenye boksi. Tunakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini usiku mmoja, na watu wakaamka na vipande vya plastiki mikononi. Na kabla ya kukitoa cha zamani, hakikisha kwanza nakala zinafunguka kwingine. Zisikilize, zisome, ndipo ukifute mwenyewe kwa mkono wako na kuondoa akaunti zako.

Najua baadhi yenu mnazo sauti za wazee katika simu zilizozimika, zimelala katika droo pamoja na funguo zisizojulikana mlango wake. Zipelekeni kwa fundi mwezi huu. Betri mbovu huweza kubadilishwa, na mara nyingi kilichomo kingali hai. Nikizungumza nanyi kama mtunzi, nawaachia ubeti mmoja:

Chombo nilichokiweka, si kwa sura wala rangi,
Yaliyomo husomeka, na kunakiliwa mengi,
Wajukuu hupeleka, kote kwa wasomi wengi,
Sauti ikitoweka, hailipwi kwa shilingi.

Nimeihesabu mishororo hiyo minne, herufi, nafasi na alama zake: ni 163. Imezidi ujumbe mmoja wa kitochi kwa tatu. Marehemu rafiki yangu wa Pangani angejua pa kupunguza. Nanyi mkipaona, nileteeni.