Usikubali kisu kwa laptopu yako

Wasee, fundi akitoa kisu achokonoe DVD iliyokwama, chukua laptopu yako uende. MacBook Pro za zamani, kama yangu ya 2012, hazina tundu la kudunga pini. DVD inamezwa tu kupitia mwanya mwembamba. Izime, halafu iwashe huku umebonyeza trakipadi, usiachilie mpaka iteme.

Yangu ilikataa mara mbili. Lebo ya karatasi ilikuwa imebanduka ndani, na hiyo ndiyo nakala pekee tuliyo nayo ya shosho akiongea. Fundi mmoja wa tao aliniitisha 4,000 kuifungua. Zii. Nikaiinamisha, mwanya ukaangalia chini, nikarudia. Ikatoka polepole, gundi kila mahali. Nikainakili kwa fleshi usiku huo huo. Mathe ashaitazama mara nne.