Moteri iliyokataliwa Marekani

Land Rover moja ya zamani ilikaa siku nyingi ndani ya garaji moja mjini Butembo, boneti ikiwa wazi. Kila ikipanda kilima ilichemka. Mwenye garaji alikuwa ameichoka, akaagiza moteri itolewe, iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma.

Hapo garajini alikuwepo papa mmoja aliyekimbia vita. Kwao kijijini alikuwa fundi mwenye garaji yake. Mjini alifika na mke na watoto, bila hata ufunguo mmoja, wakapokelewa na familia moja. Kazi aliyopewa ilikuwa kuosha vyuma kwa mazutu. Siku hiyo aliinama juu ya moteri ile ya silinda nane, akasema: “Hii isitupwe. Ilishatupwa mara moja.”

Vijana walicheka, lakini papa alisema kweli.

Moteri ile asili yake ni Marekani. Kampuni ya General Motors iliitoa mwaka 1961 katika gari za Buick. Ilikuwa ya alumini, nyepesi kuliko moteri za chuma za nguvu kama yake. Lakini kuiyeyusha na kuimimina kuligharimu sana, tena radieta zilikuwa zinaziba. Kufika 1963 wenyewe waliiacha.

Halafu mkubwa wa Rover ya Uingereza, William Martin-Hurst, akaiona Marekani katika karakana ya Mercury Marine, watengenezaji wa moteri za mashua. Akaona itafaa gari zake. Mwaka 1965 Rover ikapata ruhusa ya kuitengeneza. Haikuchukua michoro peke yake. Joe Turlay, fundi wa Buick aliyeijua moteri ile na aliyekuwa karibu kustaafu, alivuka bahari kwenda kuwaonyesha Waingereza. Kwa hiyo moteri ilihama pamoja na mtu anayeijua.

Mwaka 1968 Morgan, kampuni ndogo ya Uingereza, iliiweka katika gari yake. Mwaka 1970 ikaingia Range Rover, na 1979 ikafika kwenye Land Rover za kazi. Kitu kilichoachwa baada ya miaka 3 kwao, kilifanya kazi zaidi ya miaka 30 kwa wengine.

Pale Butembo, papa alifungua radieta. Ilitoka tope na kutu: madereva walikuwa wanajaza maji ya mto, na alumini inaliwa haraka na maji ya namna hiyo. Aliisafisha siku mbili, akabadilisha mipira ya maji, akaagiza maji maalumu ya radieta.

Siku ya tatu gari ilipanda kilima, ikarudi bila kuchemka. Mwenye garaji aliizunguka, akagusa boneti, akanyamaza kidogo.

“Papa,” akasema, “kesho ufike mapema. Kuna Dyna inakungoja. Na hao vijana, uwafundishe.”

Kesho yake, kazi ya kuosha vyuma ilipewa mwingine.