Kupanda Ngomo Kila Ijumaa

Mimi ni mzalishaji. Vitabuni wanaandika mkunga, lakini hapa Kamanyola, mashariki mwa Kongo, mwanamke akishikwa na uchungu usiku, anayetumwa kubisha mlangoni kwangu husema, "Mama muzalishaji, tunakuhitaji," na jina hilo nimelibeba miaka kumi na minne. Natoa ushuhuda huu kwa wenzangu wenye diploma ya ukunga ya A1 walioambiwa kwamba mwisho wao ni pale.

Usiku ulionipeleka shule ni wa mwaka 2021. Mama alikuwa na mimba ya tano. Mtoto alitoka vizuri, akalia, kondo la nyuma likafuata baada ya dakika chache. Kitenge kilichokuwa chini yake kililowa. Mwenzangu alitazama akasema ni damu ya kawaida, nami nikakubali. Kitenge chenyewe kilikuwa chekundu tangu dukani, na mwanga wetu ulikuwa tochi ya simu. Baada ya nusu saa mama yule alianza kuomba maji. Akaomba tena. Kisha akaacha kuomba.

Tulimchoma oksitosini iliyokaa kwenye friji isiyoona umeme tangu juzi. Dawa hiyo inataka baridi ya digrii 2 hadi 8, na Kamanyola ni bondeni kwenye mto Ruzizi. Joto letu watu wa Bukavu hulisikia tu kwa wasafiri. Pikipiki ilimbeba, amebanwa katikati ya dereva na shemeji yake, kuelekea hospitali kubwa. Hakufika.

Kwenye rejista niliandika kwamba alikufa kwa kutokwa na damu, nikatia sahihi. Siku ya mazishi mama mkwe wake alinishika mkono, hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mwanangu, damu ilikuwa kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Miaka ile yote nilikuwa nimeangalia damu kwa macho, nikisema kidogo, nikisema nyingi, na hakuna aliyewahi kunidai kipimo.

Mimi nilizaliwa Lemera, kule juu ya bonde, katika hospitali iliyokuja kuvamiwa na kuharibiwa Oktoba 1996. Mama yangu alipenda kutusimulia habari za daktari kijana wa pale, Denis Mukwege. Alikuwa anataka kuwa daktari wa watoto. Lemera ikamwonyesha akina mama wanaoletwa kwa machela kutoka milimani wakiwa wamechelewa, akaacha mpango wake, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uzazi. Leo dunia inamjua kwa Panzi, hospitali iliyoanza 1999, na kwa tuzo ya Nobel ya 2018. Mimi kilichonikaa ni ile hatua ya kwanza: mtu ana kazi yake, anaona hajui ya kutosha, anarudi darasani. Nikasema, kama daktari alirudi, mzalishaji anakatazwa na nani?

Wa kukataza walikuwepo. Ukoo wa mume wangu ulikaa kikao. Waliuliza mwanamke mwenye watoto watatu anatafuta diploma gani tena, na nani atapika Ijumaa na Jumamosi. Maswali yao yalikuwa ya haki, sitayadharau. Serikali ilikuwa hainilipi mshahara. Niliishi kwa primu, yaani kile kinachobaki baada ya kituo kulipa dawa na sabuni, na kuna miezi hakibaki kitu. Baba watoto alinyamaza kikao kizima, mwishoni akasema, "Nitapika mimi." Kwetu mwanamume akisema neno hilo mbele ya kaka zake, anakuwa ametoa kitu kikubwa kuliko ng'ombe.

Ada tulilipa kwa transhi tatu kila mwaka. Ya kwanza ilitoka kwenye likelemba, yaani mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, ya akina mama wauza nyanya, ambao wengi wao nimewazalisha. Walinipa zamu ya mbele bila kupiga kura. Ya pili ilitoka kwenye mchele wa shamba letu. Ya tatu, mara nyingi, Mungu peke yake anajua ilikotoka, nami namshukuru.

Chuo cha Bukavu kilichonipokea mwaka 2022 kilikuwa na masta kwa watu wenye kazi: darasa Ijumaa mchana hadi jioni, na Jumamosi kutwa. Wanaosoma kila siku humaliza kwa miaka miwili, sisi tulipangiwa mitatu. Alhamisi nilishika zamu ya usiku, saa kumi na moja alfajiri nikapanda taksibasi. Kutoka Kamanyola hadi Bukavu si mbali, ni kama kilomita hamsini hivi, lakini katikati kuna Ngomo. Msafiri wa njia ile haniulizi Ngomo ni nini. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, lori likikwama kwenye kona mnashuka wote, mnasimama upande wa mlima, na macho hamyapeleki upande wa pili. Wakati wa mvua nilizunguka kwa Wanyarwanda: navuka mpaka hapa kwetu kuingia Bugarama, napanda lami hadi Kamembe, navuka tena Ruzizi kuingia Bukavu. Njia hiyo ni laini, ila mpaka una saa zake, na mwenye kuchelewa hulala alipo.

Mjini Bukavu nililala mtaa wa Kadutu, kwa mama mdogo. Nyumba ya vyumba viwili, watu tisa. Alinitengea kona ya sebule na beseni la maji ya moto, akawakataza watoto wake kuwasha redio nikiwa na daftari. Hakumaliza shule ya msingi, lakini kila Jumapili asubuhi kabla sijaondoka aliniambia, "Nisomee ulichojifunza." Nikamsomea. Kama hakuelewa, nilijua bado sijaelewa mimi.

Kilichokaribia kunirudisha nyumbani kilikuwa takwimu. Nilipata 7 juu ya 20, nikapelekwa sesheni ya pili, yaani kurudia mtihani, pamoja na vijana wanaoweza kuwa wanangu. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni 846, idadi ya wanawake wanaokufa kwa sababu za uzazi katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini kwetu, kwa uchunguzi wa mwaka 2013 na 2014. Alitaka tueleze namna namba hiyo inavyopatikana. Wenzangu walikuwa wakiandika. Mimi niliona kitenge chekundu. Nilitoka nje nikalia, nikarudi, nikamwomba kijana mmoja wa promosheni yetu anifundishe tangu asilimia. Alinifundisha majuma sita, Jumamosi saa ya chakula, tukila mihogo ya kuchoma. Sesheni ya pili nilipata 13.

Halafu likaja somo la kutokwa na damu baada ya kujifungua, na hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama mkwe. Mwalimu alituletea utafiti unaoitwa E-MOTIVE, uliotoka 2023. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa kaka yangu aliyeishi Kampala alinitafsiria ukurasa mmoja mmoja kwa simu. Jambo lenyewe halina miujiza. Chini ya mama wanaweka mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, damu inaingia humo, mkunga anasoma mstari. Ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili mbaya kwenye mapigo ya moyo au presha, hangoji: anasugua tumbo la uzazi, anatoa oksitosini, anatoa dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, anaweka seramu mshipani, anakagua damu inatoka wapi, yote kwa pamoja, na kama haikomi anaita msaada. Zamani tulifanya kimoja, tukasubiri, tukafanya kingine. Mahali walipofanya hivyo, madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60.

Mifuko ile sisi hatukuwa nayo. Jumatatu nilisimama kwenye materniti nikitazama vitu vyetu kimoja kimoja, macho yakaangukia mizani ya kupimia watoto. Gramu moja ya damu inakaribia sana mililita moja. Nikawaeleza wenzangu: kila kitenge kipimwe kikiwa kikavu, kiandikwe, baada ya kuzaa kitiwe katika mfuko, kipimwe tena, toa kidogo katika kikubwa. Mama wa kwanza tuliyempima, macho yetu sote watatu yalisema ni kama 300. Mizani ikasema 700. Mwenzangu alirudia kupima. Ilikuwa 700. Tulianza matibabu dakika ile ile, na mwanamke yule akatoka kituoni kwa miguu yake siku ya tatu, mtoto mgongoni.

Ningekuwa mwanafunzi wa kila siku, ningelisikia somo lile, nikaliandika vizuri, nikalijibu kwenye mtihani. Kwa sababu nilikuwa narudi kazini, somo la Jumamosi lilikuwa mikononi mwetu Jumatatu, na maswali ya Jumatano nilipanda nayo Ngomo Ijumaa. Mwalimu aliniambia kazi yangu ya mwisho iwe hiyo hiyo: mizani dhidi ya macho. Daftari mbili nikazifungua.

Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na siku chache baadaye vita vilifika huku kwetu bondeni. Chuo kilisimama. Benki zilifunga, na transhi yangu ya mwisho ilikuwa ndani. Watu wengi wa bonde letu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wakalala katika uwanja wa Rugombo, wengine wakiwa na vichanga vya siku mbili ambavyo nilivipokea mimi. Watoto wangu niliwatuma na baba yao. Mimi na mwenzangu mmoja tulibaki, kwa sababu wanawake watano walikuwa katika siku zao za mwisho na mimba haijui vita. Usiku wa pili tulizalisha tukiwa tumekaa sakafuni, chini ya usawa wa dirisha. Daftari zangu nilikuwa nimezifunga katika plastiki pamoja na rejista, chini ya kitanda cha kuzalishia. Katika usiku ule pia tulipima. Mwenzangu alishika tochi kwa meno, mimi nikasoma mshale. Gramu 250. Tukamshukuru Mungu kwa sauti ya chini.

Barabara ilipotulia kidogo, mwalimu wangu alituma ujumbe mfupi: "Mama, daftari zipo?" Nikamjibu zipo. Nilitetea kazi yangu mwezi wa Agosti, nimevaa kitenge kilichonunuliwa na akina mama wa likelemba. Mama mdogo alikaa mstari wa mbele. Mmoja wa majaji aliuliza kama mizani ya watoto inatosha, nami nikajibu kwamba haitoshi, kwamba tunahitaji mifuko yenye vipimo, tunahitaji friji ya jua, tunahitaji dawa isiyoharibiwa na joto kama kabetosini ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali 2018. Lakini tangu tulipoanza kupima, nikasema, mtu akiniuliza damu ilikuwa kiasi gani, ninalo jibu. Chumba kilinyamaza. Mama mdogo akapiga makofi peke yake, kisha wote.

Mama mkwe yule nilimtembelea baada ya hapo. Nilimweleza nilichosomea na kwa nini. Nilimwambia pia kwamba usiku ule hatukupima, na kwamba tungepima huenda mkwe wake angekuwa hai. Alikaa kimya muda mrefu, akamwita mjukuu wake, mtoto wa usiku ule, sasa anakwenda shule. Akamwambia anisalimie. Mtoto alinipa mkono.

Sasa kila Jumanne nafundisha wazalishaji wa vituo vya jirani, mizani mezani na vitenge vyenye maji yaliyotiwa rangi. Ripoti ya mwaka 2021 juu ya hali ya ukunga duniani ilisema dunia inapungukiwa wakunga 900,000. Hao wapya wataandaliwa miaka mingi. Sisi tuliopo tupo tayari leo, na tunachokosa ni siku mbili kwa juma.

Kwa hiyo naomba, nikisema na waganga wakuu wa zoni za afya, wakuu wa vituo, na wakuu wa vyuo vyetu: mzalishaji wako akikuletea barua ya kuomba Ijumaa na Jumamosi, isaini. Panga zamu upya, mpunguzie transhi, usimlazimishe kuchagua kati ya darasa na chumba cha kuzalishia. Nawe dada uliye Luvungi, Sange au Nyangezi unayesoma haya na barua yako bado iko kwenye droo, itoe uipeleke kesho. Ukikosa pa kulala Bukavu, mama mdogo amesema kona ile ya sebule bado iko wazi.