Baada ya Upasuaji, Dawa Hadi Lini?



Katika familia zetu za Butembo na Beni, mara nyingi kaka au dada mkubwa ndiye anayempa mdogo wake dawa, mama akiwa shambani au sokoni. Kwa hiyo tunapenda kutafakari nanyi swali moja dogo: hadi lini?

Watoto wengi wachanga hucheua maziwa, na wengi wao hupona wenyewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu. Wachache huumia sana: tindikali ya tumbo huunguza umio wao, chakula huingia mapafuni, uzito haupandi. Baadhi yao, hasa wenye ulemavu utokanao na ubongo, hufanyiwa upasuaji ulioelezwa na daktari Mjerumani Rudolf Nissen mwaka 1956: sehemu ya juu ya tumbo huzungushwa kwenye mwisho wa umio ili chakula kisipande tena.

Mtu angedhani kwamba hapo dawa za kupunguza tindikali, kama omeprazoli, zimemaliza kazi. Madaktari waliochunguza jambo hili wameona vingine: watoto wengi huzirudia, mara nyingi bila kipimo kuonyesha kwamba ugonjwa umerudi. Mtoto hujaa hewa tumboni, au hutaka kutapika asiweze. Wazazi hushikwa na hofu, na dawa ileile hununuliwa tena.

Dawa hiyo si maji matupu. Tindikali ni mlinzi wa tumbo: huua vijidudu vingi tunavyomeza. Ikipungua, kipindupindu hupata njia rahisi zaidi. Sisi tunaoikumbuka Goma ya mwaka 1994 hatuhitaji kufundishwa ugonjwa huo ni nini. Kwa mtoto anayekunywa maji yasiyochemshwa, ulinzi huo haupaswi kuondolewa bila sababu.

Hatusemi dawa itupwe. Wako watoto ambao ugonjwa huwarudia kweli; tena, kuacha ghafla dawa iliyotumika muda mrefu hufanya tindikali izidi. Tunasema daktari aulizwe: dawa hii ni ya nini? Itakoma tarehe gani? Ni kipimo gani kitafanywa kabla ya kuiongeza? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya hospitali, yasomwe na kila anayemlea mtoto.

Mtoto mchanga hawezi kuuliza. Basi aliyeshika kijiko aulize kwa niaba yake.