Barua kutoka London: Kompyuta Ikifa, Nani Athibitishe?

Ndugu zangu wa Pemba,

Leo nataka tuzungumze juu ya kompyuta zinazonunuliwa kwa pesa nyingi na kufa mapema, na hasa juu ya swali moja ambalo huku Uingereza limeshajibiwa na sheria, na kwetu bado linajibiwa na mwenye duka: kifaa kikiharibika, nani athibitishe kimeharibika vipi?

Dada yangu wa Wete alimnunulia mwanawe laptopu mpya kwa pesa za karafuu, kutoka duka moja la Unguja. Kijana yuko chuo na masomo yake yote yamo humo. Haikutimiza miezi mitatu, ikaanza kujizima katikati ya kazi, kisha ikakataa kuwaka kabisa. Akapanda boti nayo mpaka dukani. Mwenye duka hakuifungua wala hakuichomeka. Alimuuliza kijana anatoka wapi, akajibiwa Pemba, akasema, "Basi umeme wenu ndio umeiunguza." Alipoombwa aitazame, akaweka kidole chini ya risiti, palipoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana akarudi na boti, nauli mara mbili, laptopu maiti mkobani.

Sisemi kwamba umeme hauunguzi vyombo. Tulikuwa tukitegemea majenereta ya Wesha mpaka mwaka 2010, ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga, na hata leo kila mwenye friji anajua umeme unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Lakini itazameni chaja ya laptopu: nyingi zimeandikwa volti 100 mpaka 240, maana yake zimetengenezwa kustahamili kupanda na kushuka ndani ya mipaka hiyo, na juu ya hayo laptopu ina betri yake. Kama umeme ndio ulioua, fundi akifungua ubao ana mahali pa kutazama. Yule muuzaji alitoa hukumu bila kugusa skrubu hata moja, na hukumu ikasimama kwa sababu hakuna aliyemtaka ushahidi. Aliyetakiwa ushahidi ni kijana wa miaka 20 asiye na bisibisi.

Huku nilipo, jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015. Bidhaa lazima iwe na ubora wa kuridhisha, ifae kwa kazi yake, na ilingane na ilivyoelezwa. Ikiwa na kasoro, mnunuzi ana siku 30 za kuirudisha na kupewa pesa zake zote. Siku hizo zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kuitengeneza au kuibadilisha, na akishindwa, mnunuzi anaweza kuirudisha adai pesa. Katika madai haya ya pili ndipo penye uzito ninaoutaka muuone: kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita ya mwanzo, sheria inachukulia kwamba ilikuwepo tangu siku ya mauzo. Muuzaji akisema mnunuzi ndiye aliyeiharibu, alete ushahidi yeye. Baada ya miezi sita mzigo humgeukia mnunuzi, na hata hapo mlango wa mahakama haufungwi mpaka ipite miaka 6 kwa England, na 5 kwa Scotland. Gharama ya kuituma bidhaa mbovu irudi dukani pia ni ya muuzaji, ingawa si nauli ya anayeirudisha mwenyewe dukani alikoichukua. Hebu ifikirieni hiyo kwa mtu wa Micheweni aliyenunua Darajani, Unguja, akaituma kwa boti.

Nimeiona sheria hii ikifanya kazi mbele ya macho yangu. Jirani yangu, mtu wa Konde, dereva, alinunua laptopu ya bei kubwa kwa ajili ya bintiye. Ikatoka mistari ya kijani kwenye kioo. Akaniomba nimsindikize dukani kwa sababu hana Kiingereza kingi. Kijana wa kaunta akatwambia tuwasiliane na kiwanda, maana waranti ni ya kiwanda. Jirani akaweka risiti mezani na kusema maneno matatu, "Nimenunua kwako wewe." Hayo ndiyo maneno ya sheria yenyewe, kwa sababu mkataba ni baina ya mnunuzi na duka, waranti ya kiwanda ni nyongeza, wala haiondoi wajibu wa aliyepokea pesa. Akaitwa msimamizi, laptopu ikapokelewa ikatengenezwa. Mistari ikarudi. Mara ya pili akarejeshewa pesa zake, bila kukatwa chochote kwa matumizi, kwa kuwa miezi sita ilikuwa haijaisha. Hapakuwa na wakili wala kelele.

Wala msidhani vifaa vya makampuni makubwa havitoki na kasoro. Mwaka 1994 iligundulika kwamba prosesa ya Pentium ya Intel ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Kampuni ikasema kwanza kwamba itambadilishia yule tu atakayeonyesha kuwa kazi yake inaathirika. Watu wakakataa kubebeshwa ushahidi huo, na Desemba ya mwaka ule Intel ikakubali kumbadilishia kila aliyetaka, ikatenga dola milioni 475. Miaka 30 baadaye, 2024, prosesa za kompyuta za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14 zikaonekana zinajidhuru kwa volti iliyozidi, kompyuta zikawa zinakwama ovyo. Kubwa yao ya kizazi cha 13 ilianza kuuzwa 2022 kwa dola 589, prosesa tu bila kompyuta. Kampuni ikaongeza waranti kwa miaka miwili, na marekebisho ya programu yaliyotolewa hayakuweza kuzirudisha zile zilizokwisha kudhurika. Na hayo hayakuletwa na kukatika kwa umeme.

Kuna atakayesema hizi ni sheria za Wazungu, sisi tuna desturi zetu. Basi tuende kwenye zetu. Wanafunzi wa fiqhi kisiwani kwetu wanaijua khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyofichika ambayo ilikuwepo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kukirudisha kitu na kurejeshewa bei aliyolipa. Imam Nawawi katika Minhaji, kitabu kilichosomeshwa pwani yetu kwa karne nyingi, anazungumzia hata muuzaji anayeuza kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Sharti hilo, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, humkinga kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, na si zaidi ya hapo. Laptopu si mnyama. Na sote tumesikia tangu chuoni jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni akakuta maji chini yake, na alivyomkemea mwenyewe kwa kuyaficha. Fiqhi hiyo hiyo inamtaka mnunuzi asichelewe: ukiona kasoro, acha kukitumia kitu na utoe taarifa mara moja, kwa sababu ukiendelea kukitumia unahesabiwa umeridhika.

Tena mkulima wa Pemba anajua vizuri kukaguliwa. Anapopeleka karafuu kwa shirika la serikali la biashara, ZSTC, gunia hufunguliwa, zikiwa na unyevu anaambiwa akaanike tena, zikiwa na makonyo anaambiwa akachambue, na daraja ndilo linalopanga bei. Anakubali kwa sababu anayelipa ana haki ya kupata alicholipia. Iweje pesa hizo hizo za karafuu zikifika duka la kompyuta zipoteze haki hiyo?

Hatukukosa mahali pa kushitaki. Zanzibar ina sheria namba 5 ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, na ina Tume yake, ZFCC. Aliyenunua Unguja au Chake apeleke malalamiko huko. Aliyenunua Kariakoo aende Tume ya Ushindani, FCC, ambayo mamlaka yake ni Tanzania Bara. Mwende na karatasi, si maneno: risiti ya kielektroniki yenye jina la duka na namba ya kifaa, maelezo ya muuzaji kwa maandishi kama ni mpya au imetumika, na taarifa ya fundi wa tatu asiye wa duka. Mpwa wangu tumemtafutia fundi kama huyo Chake, na barua ya malalamiko imeshaandikwa.

Na nyinyi wenzangu wa ughaibuni mnaotuma laptopu kwenye makontena, nina neno nanyi. Haki ya kurudisha ni yako wewe uliyenunua, si ya mpokeaji, na zile siku 30 zinahesabiwa tangu ulipoipokea huku, wala hazisubiri meli ifike Malindi. Ifungue kabla ya kutuma. Iwashe, itumie wiki nzima, izime, iwashe tena, jaribu kamera na kila tundu la waya. Uliza kama waranti ya kiwanda inakubalika Tanzania, kwa sababu nyingine huishia katika nchi ya manunuzi. Na risiti ibaki kwako.

Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, ombi langu kwenu ni moja. Iandikwe wazi, kwa Kiswahili cha kusomeka dukani, kwamba kifaa cha umeme kikifa ndani ya miezi sita muuzaji ndiye atakayethibitisha sababu, na kwamba maneno ya mali hairudishwi hayamkingi mwenye kuuza kibovu. Kisha Tume iyapeleke maandishi hayo yabandikwe katika kila duka la kompyuta, Unguja na Pemba.

Wassalaam,
Ndugu yenu wa London