Saa Kabla ya Kilomita

Faza hakuna lori la kontena. Saruji hufika kisiwani Pate kwa chombo, na manahodha ambao mwandishi wa kumbukumbu hizi alikua akiwaona hawakuuliza Mokowe, bara, ni mbali kiasi gani. Waliuliza kama mlango wa bahari wa Mkanda una maji. Yakipwa, chombo hungoja.

Hayo ndiyo aliyokuja nayo mwandishi Mombasa, alipoajiriwa kupanga safari za malori ya kontena kutoka bandari ya Kilindini.

Aliyemfunza kazi alikuwa mzee wa Mikindani asiyetumia ramani. Alipiga mstari katikati ya karatasi: kushoto makontena ya kupelekea wenye mali, kulia matupu yanayotakiwa na wasafirishaji wa chai. Wapangaji wengine walifikisha mzigo Changamwe, wakarudisha kontena tupu yadi, kisha lori jingine likaenda kuchukua tupu jingine la kupeleka kwenye godauni la chai Shimanzi. Mzee aliunganisha. Lililopakuliwa Changamwe lilikwenda moja kwa moja kwenye godauni la chai, mradi kampuni ya meli ni ileile na imekubali, na kipimo ni kilekile, futi 20 au 40.

Kwanza, lakini, dereva aliingia ndani akafungiwa milango. Akiona nuru, hata ya tundu la msumari, halifai. Akisikia harufu ya samaki au sabuni, halifai, kwani chai hushika harufu upesi.

“Mwanangu, usiniambie ni safi,” mzee alikuwa akisema. “Niambie umelinusa.”

Miaka baadaye meneja kijana akaleta programu ya kuchagua njia fupi. Asubuhi moja ilituma matrela matatu kwa pamoja kwenye godauni moja la Jomvu lenye mlango mmoja. Mawili yalisimama juani hadi alasiri. Mwandishi alipolalamika, aliambiwa mambo yake ni ya zamani. Hajakubali mpaka leo: programu ilihesabu kilomita, na hasara ilikuwa kwenye saa.

Agosti 2019 serikali iliamuru mizigo ya Nairobi ipande reli, malori mengi yakalala. Amri ilipoondolewa Septemba 2022, yeye alikwisha rudi Faza.

Wewe uliyerithi kiti chake, kabla ya kumruhusu dereva atoke, mpigie mlinzi wa godauni. Muulize wapakuaji wangapi wamefika, na kama kontena la jana limeshaondoka mlangoni.